Mtoto wa Ndoa ya Dini Mbili

Akina mama wapendwa, huku Kibiti, na zaidi kule visiwani katika delta ya Rufiji, sisi Wakristo ni wachache katikati ya jirani zetu Waislamu. Tunachota maji pamoja, tunachangiana harusi na misiba, na watoto wetu hukua pamoja hata wengine wakaoana. Ndoa hufungwa bomani, vigelegele vikapigwa. Mwaka unaofuata mtoto huzaliwa, na hapo mabibi wa pande mbili huanza kutazamana: huyu ataitwa nani, na atasali wapi?

Swali hili si letu peke yetu. Marabi, yaani walimu wa sheria ya Kiyahudi, nao wanalijadili, wala hawajakubaliana. Sheria yao ya zamani husema mtoto wa mama Myahudi ni Myahudi, baba awe nani. Mwenye baba Myahudi tu hahesabiwi mpaka aongoke. (Tabasamuni kidogo, kwa maana kwa jirani zetu mtoto humfuata baba.) Sisi tunamkumbuka Timotheo katika Matendo 16, mama yake Myahudi na baba yake Myunani.

Mwaka 1983 marabi wa Marekani wa tapo la Mageuzi waliamua kwamba hata mwenye baba Myahudi ahesabiwe, mradi alelewe katika imani hiyo na aionyeshe kwa matendo. Wenzao wa tapo la Orthodox na la Conservative walikataa. Basi kijana yule yule ni Myahudi katika sinagogi hili, na katika lile la mtaa wa pili siye. Siku ya kutaka kuoa ndipo yanapofumuka.

Sasa twende Uganda, karibu na Mbale, wanakoishi Wayahudi Waafrika waitwao Abayudaya. Wao hawakuwa na mama wala baba Myahudi. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, mkuu wa vita aliyekuwa Mkristo, alishika Agano la Kale, akatahiriwa pamoja na wanawe, na watu wake wakamfuata. Idi Amin alipopiga marufuku dini yao, wengi waliiacha. Waliobaki walisali kwa siri. Dini iliyofungiwa milango hubaki mikononi mwa yule anayepika na kulaza watoto, naye mnamjua. Mwaka 2002 marabi wa Conservative walifika, wakawahoji, na mamia wakazamishwa majini ili wapokelewe rasmi. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alisomea Los Angeles, akawekwa kuwa rabi mwaka 2008, akarudi kufundisha nyumbani. Hata hivyo, mwaka 2018 serikali ya Israeli ilikataa kumtambua kijana wa jamii hiyo aliyeomba kuhamia huko kama Myahudi.

Mimi naona waliouliza habari za malezi waliuliza vizuri kuliko waliouliza habari za damu. Damu haimfundishi mtoto kusali.

Kwa hiyo wewe binti unayechumbiwa, iwe Nyamisati au Kibiti mjini, muulize mwenzio kabla posa haijapokelewa: nani atasali na mtoto usiku? Atafuatana na nani, Ijumaa au Jumapili? Akinyamaza, mpe wiki nzima afikiri. Mama mkwe naye aulizwe, kwa adabu, maana ndiye atakayebaki na mjukuu wakati wewe uko dunguni unalinda mpunga.