Kurudia San Andreas Siyo Ushamba, Staa Apunguze Kiki

Kuna staa mmoja wa gemu, yule wa Dar mwenye taa za zambarau nyuma ya kiti, ameingia laivu akasema mtu mzima anayecheza PS2 mpaka leo ni mshamba aliyekosa hela ya PS5. Mashabiki wakacheka, emoji zikamiminika. Kule Bariadi, jamaa mmoja muuza spea za pikipiki hakucheka. Huyu San Andreas ameimaliza mara sita, sasa anaianza ya saba. Majibu yake yamezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kuanzia Maswa hadi Lamadi, na kusema kweli staa kapigwa za uso.

Tuanze na hela, maana staa ndiyo aliyoileta. Gemu ya leo unainunua halafu inaanza kukudai bando. Unashusha makumi ya GB, bado hujacheza unaambiwa kuna sasisho. San Andreas ya 2004 unachomeka CD, inawaka. Haikuulizi mtandao wala akaunti. Umeme ukikatika na kurudi, unaendelea pale ulipohifadhi, mradi memori kadi ipo, kile kidude cha MB 8 ambacho masela walikuwa wanakilinda kuliko kitambulisho cha shule.

Tena hata mwenye bando asijione. Machi 31, 2024 Ubisoft walizima seva za The Crew, gemu ya magari ya mwaka 2014. Watu waliotoa hela zao hawakuweza tena kuendesha hata peke yao, gemu imekufa na CD wanayo mkononi. Sasa mshamba ni yupi hapo?

Staa akadai vitu vipya ni bora. Wee! Mwaka 2021 Konami waliitupa PES wakaleta eFootball, ikatoka Septemba 30 na sura za wachezaji za kutisha watoto, mpaka kampuni ikaomba radhi. Novemba mwaka huohuo Rockstar wakaleta San Andreas iliyofanyiwa usafi: mvua ikinyesha barabara huioni, baadhi ya nyimbo za redioni zimetolewa. Nao wakaomba radhi. Jamaa wa Bariadi anasema San Andreas bila redio yake ni sawa na daladala lisilo na muziki. Linafika, ila nani analifurahia?

Halafu jamaa siyo wale wa kusifia kila cha kale. Anasema Contra ukiicheza peke yako inachosha ndani ya nusu saa, ile misheni ya kukimbiza treni na Big Smoke ni mateso tu, na PES 6 iliharibiwa na Adriano mwenye nguvu ya shuti 99. Kwenye banda alilokulia walikubaliana kabisa: kuchukua Inter ni marufuku, ukiichukua unapisha pedi. Huyo siyo mtu anayelia utoto wake. Ni mtu anayejua gemu.

Kinachokera zaidi ni nani anaumizwa na kejeli zile. Mwenye PS5 sebuleni haumii. Anaumia dogo wa Somanda anayekusanya vijisenti akakae kwenye benchi la banda, asubiri zamu, afungwe, apishe, asubiri tena. Kwake PS2 siyo gemu ya zamani, ndiyo gemu iliyopo. Anaumia na mwenye banda, aliyenunua mashine moja msimu pamba ilipolipa na bado inalisha familia. Ukimwambia dogo kwamba pale ni pa washamba, ataacha kwenda, atabaki na simu anabonyeza peke yake. Nani atamfundisha kufungwa tano mbele ya watu na kesho akarudi?

Na staa mwenyewe ni zao la banda! Wenye kumbukumbu wanajua alianza kujulikana na klipu za PES kwenye tivii ya kichogo, pedi imefungwa na selotepu, watu wamesimama nyuma wanapiga kelele. Leo kapata udhamini, kakaa peke yake chumbani, anawaponda waliomshangilia.

Klipu zile bado zipo kwenye ukurasa wake, hajazifuta. Wadau, tiririkeni: gemu gani ya PS2 ungeirudia leo usiku, na nani alikuwa anakufunga?