Amelala, Atakataaje?

Binti ya dada yangu alikuwa amejinyoosha mkekani, simu juu ya uso, kidole gumba kikiteremsha picha moja baada ya nyingine. Nilidhani anatazama video za kuchekesha. Kumbe anasoma Lore Olympus, hadithi ya katuni ya Rachel Smythe wa New Zealand, iliyoanza kutoka kwenye programu ya Webtoon mwaka 2018 ikamalizika 2024. Miungu ya Wayunani humo wana simu, wana ofisi, wanaendesha magari. Hades ana rangi ya buluu mwili mzima, Persephone ni wa waridi. Alikuwa amefika pale Persephone alipoleweshwa kwa makusudi karamuni, kisha akalazwa siti ya nyuma ya gari la Hades, naye Hades hana habari.

"Mjomba," akaniuliza bila kuondoa macho kwenye kioo, "huyu sasa amelala. Akiguswa, atakataaje?"

Hades hamgusi. Akishamgundua anampa chumba cha wageni alale. Lakini swali la mtoto halikuisha na sura hiyo, na tangu siku ile kila nikilipeleka mbele ya watu wazima wenzangu napewa majibu yale yale. Nimechoka kuyajibu barazani, kila siku na watu wapya. Nayajibu hapa.

"Ni ya bure. Usipoipenda, usiisome." Bure hii ina hesabu zake. Kwenye Webtoon anayesubiri husoma bila kulipa. Asiye na subira hununua sarafu za humo humo akafungua sura kabla ya wenzake. Kwa hiyo kila sura lazima ikatwe mahali panapouma, na hakuna panapouma kama mlango unaofunguka msichana akiwa peke yake chumbani. Hofu ya mtu kuvamiwa inageuka chambo cha kuuzia sura ijayo. Halafu bure haina muuza magazeti. Zamani mtoto akitaka jarida la watu wazima ilimbidi akutane na jicho la mwenye kibanda. Leo anakutana na kitufe kinachomuuliza umri, naye anaubonyeza umri autakao. Hilo linatosha kwa hoja hii.

"Hayo ni mambo ya miungu na majini, ya binadamu hayahusiani nayo." Hapa ndipo ninapobishana na watu mpaka chai inapoa. Tazama uchawi wa hadithi hizi unavyotumika. Zeus anajigeuza sura ya Amphitryon, mume wa Alcmene, analala naye. Uther anavalishwa sura ya mume wa Igraine kwa uganga wa Merlin, na humo ndimo anamotungwa mimba Mfalme Arthur. Kuna dawa ya mapenzi inayotiwa kwenye kinywaji. Kuna usingizi wa miaka mia. Vua uchawi wote huo uone kilichobaki: kumhadaa mtu, kumlewesha, kumwendea akiwa hana fahamu.

Sheria zetu zinayajua mambo haya. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kama kilivyoandikwa upya na sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, kinasema ni ubakaji mwanamke akikubali kwa kuaminishwa kwamba aliye naye ni mumewe, na mwanamume anajua kuwa siye. Hiyo ni kesi ya Alcmene, neno kwa neno. Kifungu hicho hicho kinataja ridhaa iliyopatikana mtu akiwa ameleweshwa kwa dawa au kitu chochote alichopewa, na dawa ya mapenzi nayo ni kitu. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya Kenya ya 2006, kifungu cha 42, inasema mtu ameridhia pale anapokubali kwa hiari yake, akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Kifungu kinachofuata kinahesabu miongoni mwa wasio na uwezo huo aliyelala na aliyepoteza fahamu. Kumbe binti yetu aliuliza swali la bunge akiwa mkekani.

Nami sisemi Zeus ashtakiwe mahakamani Kisutu. Nasema msomaji wa miaka kumi na sita anayajua mambo haya kwa mara ya kwanza akiyaona yamevikwa mabawa na nuru, na anayakariri kama mapenzi.

"Ngano za kale ndivyo zilivyo, wazee hawakuwa na maneno haya ya ridhaa." Neno huenda hawakuwa nalo. Jambo walilijua vizuri. Utenzi wa kale wa Wayunani kuhusu Demeter unaanza na Zeus kumtoa bintiye Persephone kwa ndugu yake Hades bila mama, Demeter, kuulizwa, na msichana anapiga yowe mpaka mungu wa kike Hecate analisikia kutoka pangoni. Mama anamtafuta siku tisa. Akishajua kilichotendeka anaizuia ardhi isiote kitu, na miungu wote wanakosa sadaka. Ndiyo hadithi ya kale hiyo, na ndani yake mama anagoma. Nenda Roma, jumba la Borghese, ukaone mchongaji Bernini alivyolichonga tukio hilo la msichana kunyakuliwa kati ya 1621 na 1622, kijana wa miaka ishirini na kitu: vidole vya mungu vimezama kwenye paja la msichana kama kwamba marumaru ni nyama, na shavuni mwa msichana kuna chozi. Bernini hakuhitaji semina.

Zipo ngano zisizojua, hilo nakiri. Giambattista Basile wa Napoli, katika kitabu kilichotoka miaka ya 1630, anasimulia Talia aliyelala usingizi wa kichawi. Mfalme anampata, anamwingilia, anaondoka zake. Miezi tisa baadaye Talia anajifungua mapacha akiwa bado amelala, na anazinduka tu mtoto mmoja anapomnyonya kidole na kutoa kibanzi kilichomlaza. Kisha mfalme anarudi, na wote wanafurahi. Lakini 1697 Perrault alipoisimulia upya huko Ufaransa alikiondoa kitendo kile; mwana wa mfalme anapiga magoti tu, na binti anaamka. Hata wazee walihariri wazee wenzao.

Sisi tuna Alfu Lela Ulela. Hasan wa Basra anaiba vazi la manyoya la binti ndege akiwa anaoga, anamwoa, wanazaa watoto wawili. Siku binti anapolipata vazi lake, analivaa, anawachukua watoto na kuruka. Wakorea, ambao kampuni yao ya Naver ndiyo iliyoanzisha Webtoon, wana ya mkata kuni anayemfichia binti wa mbinguni nguo zake kwa hila hiyo hiyo, naye pia anaruka na watoto wake. Watoto wawili, nyumba, miaka ya ndoa, na bado anaondoka siku anapoweza. Msimuliaji alijua.

"Mbona mwishowe alimpenda?" Mwishowe haurudi nyuma kuwa mwanzo. Mfano mbaya kuliko yote ninaoujua hauko mtandaoni, uko kwenye toleo la 200 la jarida la katuni The Avengers, la 1980. Carol Danvers, shujaa anayeitwa Ms. Marvel, anajikuta mjamzito ghafla. Mtoto anazaliwa, anakua mtu mzima ndani ya saa chache, jina lake Marcus, anaeleza kwamba mimba ile ilikuwa kazi yake mwenyewe: alimchukua Carol ulimwengu mwingine, akambembeleza kwa mashairi na nguo nzuri, na moyo wake ulipogoma akauongezea nguvu ya mashine. Carol anaondoka naye. Mashujaa wenzake wanampungia mkono. Mhakiki Carol Strickland akakiita kitendo kile kwa jina lake, ubakaji, na 1981 mwandishi Chris Claremont akamrudisha Carol katika toleo la mwaka la The Avengers, akawasimamisha wenzake na kuwauliza walikuwa wapi. Mchoro ni wa kampuni ile ile, shujaa yule yule. Hadithi ya kwanza haikujua kilichotendeka ndani yake. Ya pili ilijua. Mimi naipima kila hadithi kwa kipimo hicho.

Lore Olympus nayo haitoki bila doa kwenye mzani huo. Persephone ana miaka kumi na tisa, Hades ana maelfu, na bado binti anakwenda kufanya kazi ya mafunzo katika kampuni ya Hades. Kuna sura hadithi inalikumbuka hilo, na kuna sura inalisahau kwa sababu machweo yamechorwa vizuri. Tuzo za katuni za Eisner ilizopata 2022 na 2023 hazifuti hilo.

"Basi yafutwe yote, watoto wasome vitabu vya shule." Hawa ndio wanaonichosha zaidi, kwa kuwa wanajiona wako upande wangu. Kuna sura katika Lore Olympus ambayo Apollo, ambaye pacha wake Artemis ndiye anayeishi nyumba moja na Persephone, anamwingilia binti huyu. Hampigi. Anasisitiza, anaharakisha, kusita kwake anakuhesabu kuwa ruhusa, na anampiga picha. Watu wa kwetu husema kunyamaza ni kukubali. Sura hiyo inamwonyesha mtu aliyenyamaza na hakukubali. Halafu inachukua sura nyingi, nyingi kweli, kabla Persephone hajaweza kumwambia yeyote, na wa kwanza kumwambia ni rafiki yake Eros. Msomaji anateremsha kioo, anateremsha, akisubiri neno litoke. Sura nzito kama hizo huwekewa onyo mwanzoni, nalo linaheshimu anayetaka kupita.

Sijapata kitabu cha shule kilichomweleza mpwa wangu hivyo. Wala mimi mjomba wake sikuwahi. Jioni ile aliponiuliza nilikohoa, nikamtuma maji ya kunywa.

Kwa hiyo ndugu mzazi, kabla hujaifuta programu kwenye simu ya mwanao, kaa chini usome sura tatu za mwanzo mwenyewe. Ni za bure.