Duka la mtandaoni likibadili jina, wateja wasipotee

Machi 2024 kampuni ya Google ilizifunga tovuti za bure ambazo wafanyabiashara wadogo duniani kote walikuwa wamezitengeneza kupitia huduma yake ya kutangaza biashara. Anwani nyingi za tovuti hizo ziliishia na business.site. Mteja aliyefungua anwani ya zamani alipelekwa kwenye maelezo ya biashara hiyo ndani ya Google, lakini hadi Juni 10 mwaka huo tu.

Tukio hilo ni funzo kwa mkoa kama Katavi, ambako asali na mchele hutafutiwa soko mbali na Mpanda. Mnunuzi wa Dar es Salaam anayetafuta "asali ya Katavi" kwenye Google huangalia majina machache ya mwanzo. Nafasi hiyo ya juu hujengwa kwa muda mrefu, na hufuata anwani ya tovuti, si mzigo ulioko ghalani. Anayebadili anwani bila utaratibu huanza upya akiwa mkiani.

Hata hivyo, inawezekana kuhama na wateja. Katavi ilipomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, Mpanda ilibaki palepale, ila waliozoea kuandika Rukwa kwenye barua na mizigo ilibidi waelezwe. Google nayo inahitaji kuelezwa.

Kwanza, endelea kulipia anwani ya zamani. Google inashauri iendelee kuelekeza wateja kwenye anwani mpya kwa angalau mwaka mmoja. Ukiiacha, mtu mwingine anaweza kuisajili na kupokea wateja wako.

Pili, fundi aweke elekezo la kudumu, linalojulikana kwa namba 301, kwa kila ukurasa. Ukurasa wa asali uende kwenye ukurasa mpya wa asali, na wa mchele kwenye wa mchele. Zote zikipelekwa ukurasa wa mbele, mteja hakioni alichokifuata, na Google huweza kuzihesabu kuwa zimepotea.

Tatu, toa taarifa ya kubadili anwani kupitia Search Console, huduma ya bure ya Google. Kisha rekebisha anwani hiyo kwenye Facebook, WhatsApp na lebo za chupa za asali.

Hata kazi ikifanyika vizuri, nafasi huweza kuyumba kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo muuza mchele ahame mpunga ungali shambani, si wakati wa mavuno.

Lililo kubwa zaidi ni umiliki. Wenye tovuti za bure hawakuwa na mamlaka ya kuamua anwani zao zielekeze wapi, wala hadi lini. Jina linaloishia na .co.tz husajiliwa kupitia mawakala walioidhinishwa na hulipiwa ada. Mfanyabiashara ahakikishe limeandikwa kwa jina lake, si la fundi aliyemtengenezea tovuti. Asiyemiliki jina ni mpangaji, na mwenye nyumba anaweza kufunga mlango wakati wowote.