Gitaa la Tokyo si Rahisi Mpaka Lifike Nyumbani

Tarehe 29 Aprili 2024 sarafu ya Japani iliporomoka katika masoko ya fedha hadi kupita yen 160 kwa dola moja ya Marekani, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1990. Oktoba 2011 dola hiyohiyo ilinunua yen zisizofika 76. Kwa mfanyabiashara maana ya takwimu hizo ni nyepesi. Gitaa lenye bei ya yen 120,000 lingemtoka mgeni karibu dola 1,580 mwaka 2011. Kwa kiwango cha Aprili 2024 gitaa hilohilo lingemtoka dola 750, bila mwenye duka kupunguza hata yen moja.

Bei ya namna hiyo huwashawishi wengi. Mtu anayesafiri kwenda Japani kwa shughuli zake, iwe masomo, mkutano au ununuzi wa magari, huombwa na bendi ya mtaani au kwaya ya kanisani arudi na gitaa. Hukabidhiwa fedha za mchango, na pengine naye huongeza za kwake anunue jingine la kuuza. Tangu hapo msafiri huyo si mtalii tena. Ni mwagizaji wa bidhaa kutoka nje, na fedha alizobeba ni mtaji wa watu. Kosa la wengi ni kwamba hununua kama watalii, kisha hutaka faida kama waagizaji.

Soko lenyewe

Magitaa ya Tokyo yana mtaa wake. Ukitoka kituo cha treni cha Ochanomizu, katika wilaya ya Chiyoda, barabara ya Meidai-dori inateremka ikipita Chuo Kikuu cha Meiji, na pande zote mbili yamepangana maduka ya vyombo vya muziki. Kampuni kama Kurosawa, Shimokura na Ishibashi zina maduka hapo, na mengine yana ghorofa kadhaa. Mbele kidogo, Jimbocho, ndiko kwenye maduka ya vitabu vilivyotumika. Kwa hiyo mnunuzi yumo katika eneo lililozoea kupima thamani ya kitu cha zamani.

Hilo ndilo jambo kubwa la soko hili. Gitaa lililotumika huandikiwa hali yake kwenye kibandiko cha bei: mikwaruzo, vifaa vilivyobadilishwa, na kama shingo iliwahi kuvunjika ikaungwa. Mnunuzi huruhusiwa kulipiga kabla ya kulipa, mradi aombe kwanza. Kupatana bei kwa mtindo wa Kariakoo au Gikomba si desturi ya huko, na anayeanza kwa kutaja nusu ya bei hujiharibia. Lakini kuomba uongezewe seti ya nyuzi au kasha si vibaya.

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaoagiza magari ya mitumba wanaujua utaratibu wa Kijapani wa kuandika hali ya mali. Hakuna anayenunua gari kwa sababu tu rangi inang'aa. Huuliza mwaka, kilomita, daraja la ukaguzi, kisha gharama ya kulifikisha Dar es Salaam au Mombasa. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo akisimama mbele ya gitaa jekundu linalometameta huisahau hesabu yote.

Lipi la kununua

Sifa ya gitaa la Japani ina historia yake. Katika miaka ya 1970 viwanda vya Japani viliiga miundo ya Kimarekani kwa ustadi uliowatia hofu wenye miundo. Mwaka 1977 kampuni ya Norlin, iliyokuwa ikimiliki Gibson, ilimshitaki msambazaji wa magitaa ya Ibanez nchini Marekani kuhusu umbo la kichwa cha gitaa. Mwaka 1982 Fender yenyewe iliamua kutengenezesha magitaa yake Japani, katika kiwanda cha FujiGen kilichoko Matsumoto. Aliyekuwa akihofiwa kama mwigaji akawa fundi wa kutegemewa.

Hivyo mnunuzi mwenye mtaji mdogo hana sababu ya kwenda Tokyo kutafuta gitaa jipya la Marekani. Gitaa hilo limekwisha kusafiri mara moja, na gharama za safari hiyo zimo ndani ya bei. Nafuu ya kweli iko kwenye gitaa lililotengenezwa Japani kwa ajili ya soko la Japani, lililotumika kwa uangalifu, na ambalo nje ya nchi hiyo halipatikani kwa urahisi.

Hata hapo macho yawe wazi. Jina la Kijapani halina maana kwamba gitaa limetengenezwa Japani. Yamaha na Ibanez hutengeneza magitaa mengi Indonesia na China. Si mabaya, lakini la aina hiyo huenda likapatikana Nairobi au Dubai bila kusumbuka kulivusha bahari. Nchi lilikotengenezwa huandikwa kwenye kichwa cha gitaa au kwenye karatasi iliyo ndani ya tundu la sauti. Mnunuzi asome kabla ya kufungua pochi.

Amplifaya ni mtego mwingine. Umeme wa Japani ni volti 100, wa Afrika Mashariki ni volti 230 hadi 240. Gitaa la kawaida la umeme halijali tofauti hiyo kwa kuwa halichomekwi ukutani. Amplifaya ya Kijapani ikichomekwa bila transfoma huungua siku hiyohiyo, na bei nafuu ikaungua pamoja nayo. Amplifaya inunuliwe nyumbani.

Kodi

Japani hutoza kodi ya ulaji ya asilimia 10 tangu Oktoba 2019. Mgeni wa muda mfupi anaweza kusamehewa kodi hiyo akinunua bidhaa za yen 5,000 au zaidi katika duka lililosajiliwa, kwa masharti kwamba aonyeshe pasipoti na aitoe bidhaa nje ya nchi. Utaratibu wa miaka mingi ulikuwa kusamehewa palepale dukani. Chini ya mageuzi yaliyopangwa kuanza tarehe 1 Novemba 2026, mnunuzi hulipa bei yote kwanza, kisha hurudishiwa kodi baada ya forodha kuthibitisha kwamba anaondoka na mali. Kwa mwenye fedha za kuhesabika tofauti hiyo ni kubwa, kwani asilimia 10 hiyo lazima awe nayo mfukoni siku ya kununua.

Wanaokumbuka London nao wabadili hesabu. Zamani mgeni aliyenunua gitaa Denmark Street aliweza kurudishiwa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 20. Mpango huo ulikoma Uingereza, Scotland na Wales mwishoni mwa 2020. New York, Mtaa wa 48 uliojaa maduka ya muziki kwa miongo mingi umebaki jina tu. Duka maarufu la Manny's lilifungwa 2009, na Sam Ash, waliohama mtaa huo baadaye, walitangaza 2024 kufunga maduka yao yote. Ushauri wa msafiri wa miaka ya 1990 haufai kupangia safari ya leo.

Hesabu ya kufikisha mali

Chukua mfano. Gitaa ni yen 120,000 bila kodi, na dola inanunua yen 150. Hiyo ni dola 800. Kasha gumu na gharama ya usafirishaji tuseme dola 100, bima dola 20. Jumla ni dola 920. Ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa kawaida hukokotolewa kwa bei, bima na usafirishaji kwa pamoja, si kwa bei ya dukani peke yake. Kwa kielelezo cha ushuru wa asilimia 10, ongeza dola 92, inakuwa 1,012. Kodi ya ongezeko la thamani hutozwa juu ya jumla hiyo. Kwa asilimia 18 ya Tanzania ni kama dola 182. Gitaa la dola 800 limefika kwa dola 1,194, kabla ya tozo nyingine ndogo na kabla ya nauli ya mwenye kulibeba.

Kiwango halisi cha ushuru kiulizwe kwa wakala wa forodha kabla ya safari. Msamaha wa mizigo ya abiria upo, lakini una kikomo na ni kwa matumizi ya mtu binafsi. Anayeshuka na magitaa manne yaliyofungwa kiwandani na kudai ni ya kupigia nyumbani asitarajie kuaminiwa.

Kwa hesabu hii, gitaa moja haliwezi kulipia safari. Anayekwenda Japani kwa gitaa tu anapata hasara aliyoikatia tiketi mwenyewe. Anayekwenda kwa shughuli nyingine, ambaye nauli yake imekwisha kulipwa na shughuli hiyo, ndiye mwenye nafasi ya faida.

Mbao na karatasi

Hatari isiyoonekana dukani ni mti wenyewe. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, uliuweka mti wa Brazil uitwao Dalbergia nigra katika daraja la ulinzi mkali kabisa mwaka 1992. Mti huo ulitumika sana kwenye magitaa kavu ya kifahari hadi miaka ya 1960. Gitaa la namna hiyo likionekana Ochanomizu, hata kama fedha zipo, haliwezi kuvuka mpaka kihalali bila vibali. Kulinunua kwanza na kutafuta vibali baadaye ni kucheza kamari.

Tarehe 2 Januari 2017 jamii yote ya Dalbergia iliwekwa chini ya udhibiti wa mkataba huo, na wauzaji wa magitaa duniani kote wakakwama kwenye karatasi. Tarehe 26 Novemba 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika viliondolewa katika masharti hayo, isipokuwa vyenye ule mti wa Brazil. Jamii hiyo ndiyo yenye mpingo, Dalbergia melanoxylon, wa Lindi na Mtwara, unaotengenezewa klarineti. Afisa wa forodha wa Afrika Mashariki si mgeni wa jambo hili.

Anayedhani sheria za mbao ni za maonyesho aikumbuke Gibson. Serikali ya Marekani iliivamia kampuni hiyo 2009 na 2011 kwa sababu ya mbao kutoka Madagascar na India, na 2012 Gibson ilikubali kulipa faini ya dola 300,000. Kama kampuni yenye mawakili ilishikwa, msafiri mwenye risiti ya Kijapani asiyoweza kuisoma atajitetea kwa lipi? Aombe dukani aandikiwe kwa Kiingereza aina ya mbao, namba ya gitaa na bei, na karatasi hiyo asiiweke ndani ya kasha bali mfukoni.

Safarini

Gitaa lisilo na kasha gumu lisipelekwe sehemu ya mizigo. Mwaka 2008 mwanamuziki wa Kanada Dave Carroll alivunjiwa gitaa lake aina ya Taylor na wapakia mizigo, na matengenezo yakagharimu dola 1,200. Alitunga wimbo ukasikika dunia nzima, lakini si kila mtu ana kipaji cha kudai fidia kwa wimbo. Nyuzi zilegezwe, kichwa na shingo viegemezwe kwa nguo laini, na shirika la ndege liulizwe vipimo kabla ya kukata tiketi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Bendi au kwaya inayomtuma mtu iandike kwenye karatasi moja kiwango cha yen kitakachokubalika, bei ya juu, kodi, ushuru na aina ya gitaa, kisha wote watie saini. Msafiri akifika Ochanomizu akakuta hesabu haitimii, arudi na fedha. Wanaomsubiri uwanja wa ndege huenda wakanuna siku hiyo, lakini mchango wao utakuwa bado uko mikononi mwao.