Nairobi si Pua na Mdomo

Kuna kauli inayozunguka vijiweni Arusha, kuanzia Kilombero hadi Ngaramtoni, na vijana wameanza kuishika kama sheria: dereva wa pikipiki aliyekomaa huondoka Arusha alfajiri, akala mchana Nairobi, akarudi kulala kwake. Kugeuza siku hiyo hiyo. Anayelala njiani ni mwoga, au chombo chake kibovu. Naipinga kauli hii kwa nguvu zangu zote, na naanza na hesabu.

Arusha hadi Namanga ni kama kilomita 110. Namanga hadi Nairobi ni 165 hivi. Kwenda na kurudi unakaribia kilomita 550. Pikipiki nyingi za mjini kwetu ni Boxer na TVS za cc 125 au 150, zenye injini inayopozwa na hewa. Ni mashine imara za kazi, lakini mwendo wake wa raha ni kilomita 60 au 70 kwa saa. Ukihesabu vijiji vyenye kibao cha 50, matuta, mifugo na malori, ukipata wastani wa 55 umeendesha vizuri. Hizo ni saa 10 za kukaa kwenye siti, kabla hujajaza mafuta, hujala, hujatoa karatasi hata moja mpakani. Na Nairobi kwenyewe, barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 hairuhusu pikipiki, kwa hiyo Mombasa Road unabanana na magari chini.

Huku kwetu jua huchomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima. Mwanga ni wa saa 12 tu, na safari hii haienei humo. Jua likizama, dereva wetu aliyekomaa atakuwa Namanga, akijitahidi sana atakuwa Longido. Sehemu mbaya kuliko zote bado iko mbele yake.

Mchana barabara ile ni nzuri kupita kiasi. Meru yenye mita zaidi ya 4,500 inakusindikiza, na hewa ikiwa safi unauona Kilimanjaro upande wa mashariki. Usiku ni nyingine kabisa. Upepo wa uwanda wa Longido hupiga ubavuni, na pikipiki nyepesi husukumwa hadi kwenye mstari wa kati. Punda hawana taa. Ng'ombe aliyeachwa nyuma na kundi hana taa, na bodaboda wa kijijini ambaye balbu yake imeungua naye hana. Kwa mwendo wa 80, pikipiki hukata mita 22 kila sekunde. Kuona, kushtuka, kukanyaga breki hadi kusimama kabisa, unahitaji karibu mita 70 kwenye lami kavu. Taa ya pikipiki ndogo ikishushwa haimuliki mita 70. Maana yake, ukimwona punda umeshachelewa. Kisha kuna mpando wa Oldonyo Sambu, ambako baridi ya mlimani inamkuta mtu aliyechomwa na jua la Kajiado siku nzima, vidole vimekufa ganzi juu ya klachi, macho yanafumba yenyewe. Usingizi wa aina hiyo haupigi hodi.

Wanaotetea kauli hii wana hoja, nami sizidharau. Wanasema barabara siku hizi ni lami safi tangu mradi wa Arusha hadi Athi River ulipokamilika mwaka 2012. Ni kweli. Wanasema kituo cha pamoja cha Namanga, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018, kimepunguza usumbufu, kwa sababu maofisa wa nchi zote mbili wanakuhudumia upande mmoja, ule unaoingia. Hilo nalo ni kweli, na mpaka uko wazi saa 24. Lakini lami nzuri haimfanyi punda aonekane.

Wengine hutaja wazungu. Wamesikia kwamba Marekani kuna chama kiitwacho Iron Butt Association kinachotoa cheti kwa anayeendesha maili 1,000, yaani kilomita 1,600 na ushee, ndani ya saa 24. Cheti hicho kipo. Ila watu wale wengi wanapita barabara kuu zenye njia zilizotenganishwa, zisizo na kijiji katikati wala kundi la mbuzi, wakiwa juu ya pikipiki kubwa zenye taa za kumulika mbali. Na chama chenyewe kinawahimiza wajue ukomo wa miili yao na wapumzike mapema. Sisi tumechukua sifa ya umbali, tukaacha nidhamu yake huko huko.

Nadhani ugonjwa wenyewe hauko kwenye ujasiri. Uko kwenye pesa. Kijana mwenye pikipiki ya mkataba anadaiwa hesabu na bosi kila siku, na siku mbili bila hesabu ni deni. Gesti ni pesa, chakula cha usiku ni pesa. Kwa hiyo anageuza, kisha kijiwe kinamvika ushujaa ili asionekane kwamba hakuwa na namna nyingine. Mbaya zaidi, anayebana pesa hivyo ndiye anayevuka bila kadi ya njano ya COMESA, huku bima yake ya kawaida ya hapa nyumbani haimlindi Kenya. Akimgonga mtu Kitengela, deni litakuwa lake na la familia yake kwa miaka.

Sisemi vijana wasivuke. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao yake makuu Arusha, mkataba wake ulisainiwa mjini humu mwaka 1999, na sioni watu wenye haki kubwa ya kuijua Kenya kuliko vijana wanaoishi kilomita 110 kutoka mpakani. Waende, tena wengi. Waende Ijumaa, walale Kajiado au Kitengela, warudi kesho yake mchana wakiwa na nguvu. Bosi mwenye pikipiki, msamehe kijana hesabu ya siku mbili mara moja kwa mwaka; ni nafuu kuliko kununua pikipiki nyingine, sembuse kwenda msibani. Viongozi wa vijiwe, acheni kumpigia makofi anayeingia Ngaramtoni saa 4 usiku kutoka Nairobi.

Na wewe mwenye siku moja tu, vuka Namanga, piga picha zako, kunywa chai Bisil. Saa 6 mchana ikikukuta popote pale, geuza.