Karatasi Haimjui Mtoto Wako

Kiangazi kinakaribia. Wale wanaotoka alfajiri kwenda shambani wanaijua baridi ya mwezi wa sita na wa saba, na ndugu zetu wa milimani upande wa Minembwe hawangoji kiangazi ndipo waijue. Ndiyo sababu majuma haya kila kikundi kina uzi mikononi, na ndiyo sababu leo tunazungumza juu ya sweta.

Sisi wa eneo la Fizi hatukujifunza kufuma mahali pamoja. Wengine walifundishwa kwenye vituo vya wamama vya parokia. Wengine walijifunzia ukimbizini, katika kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996 huko Kasulu, mkoa wa Kigoma. Huyu anasema kufuma, yule anasema kutrikote. Huyu anahesabu vitanzi, yule anahesabu maye. Maneno hayo yasitugombanishe. Lakini kuna jambo moja tunaloliona katika vikundi vingi, na linatupotezea uzi, pesa na siku.

Jambo lenyewe ni karatasi ya modeli. Kikundi kina karatasi moja, imenakiliwa mara nyingi hata picha haionekani vizuri. Imeandikwa: anza na vitanzi kadhaa, fuma mistari kadhaa, punguza hapa, ongeza pale. Mama anaifuata neno kwa neno kama amri. Majuma mawili yanapita, jioni baada ya jioni. Siku ya kumvalisha mtoto, sweta linafika magotini, au kichwa kinakataa kupita. Aliyeagiza anatazama, anasema "Nitarudi," na harudi. Uzi uliotoka Uvira au Baraka kwa barabara yetu hii, na bei yake ikaongezeka kila ulipopita, umekuwa nguo isiyo na mwenyewe. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Na modeli ya kuazima ni vilevile, usipoigeuza iwe yako.

Hatumdharau aliyetufundisha, wala hatusemi karatasi zichomwe. Lakini fikirini bugali. Hakuna mama anayesoma kwenye karatasi kiasi cha maji. Unga wa muhogo una maji yake, unga wa mahindi una yake, na unga mpya si sawa na uliokaa. Mkono na jicho ndivyo vinavyojua. Sweta nalo ni hivyo. Aliyeandika modeli alikuwa na uzi wake, sindano zake, mkono wake na mtoto wake. Wewe una uzi mwingine. Huenda sindano zako zimechongwa kwa spoku za baiskeli. Mkono wako unakaza au unalegeza. Na mtoto wako hajawahi kuonekana na mtu huyo.

Basi kabla ya kuanza sweta, fuma kwanza kipande cha kujaribia. Tumia uzi ule ule na sindano zile zile. Anza na vitanzi 30, fuma hadi upate urefu wa sentimita 12 hivi. Kioshe, kianike kikauke, maana uzi mwingine hulegea ukioshwa na mwingine hujikunja. Kisha kilaze juu ya meza bila kukivuta, upime sentimita 10 katikati, mbali na kingo. Hesabu vitanzi vilivyomo katika hizo sentimita 10, halafu uhesabu na mistari. Hiyo ndiyo namba ya mkono wako. Uiandike.

Tuchukue mfano. Mtoto ana kifua cha sentimita 54. Tunamwongezea sentimita 6 ili apumue na avae shati ndani. Tunapata 60. Kipande chako kinaonyesha vitanzi 18 katika sentimita 10, maana yake kila sentimita ina kitanzi 1 na nukta 8. Zidisha 60 kwa 1,8, unapata 108. Hivyo ndivyo vitanzi vya kuzunguka mwili mzima: 54 mbele na 54 nyuma, na kimoja zaidi kila upande kwa ajili ya kuunganisha.

Sasa tazama karatasi ingekuambia nini. Kama mwandishi wake alikuwa na uzi mwembamba wa vitanzi 22 katika sentimita 10, kwa mtoto huyu huyu angeandika vitanzi 132. Ukivifuma hivyo 132 kwa mkono wako wa 18, utapata sweta la sentimita 73. Limezidi kwa sentimita 13, na uzi uliopotea humo ungetosha kofia. Karatasi haikukosea, na wewe hukukosea kufuma. Ni kwamba hamkupimana.

Hesabu hii hatukuivumbua sisi. Yuko mama mmoja fundi wa kufuma, Elizabeth Zimmermann, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1910 na kuishi Marekani hadi alipofariki mwaka 1999. Mwaka 1971 alitoa kitabu, na katika kazi yake aliwafundisha wanawake kutoka kwenye utumwa wa karatasi. Njia yake ni nyepesi: ukishajua vitanzi vya kuzunguka mwili, sehemu nyingine zote zinatoka humo kwa asilimia. Kifundo cha mkono ni kama asilimia 20. Mkono juu, karibu na kwapa, ni kama theluthi moja. Shingo ni kama asilimia 40.

Kwa mtoto wetu wa vitanzi 108, mkono unaanza na vitanzi 22 na kufika 36 juu. Tofauti ni 14. Kila unapoongeza, unaongeza kimoja kila upande, yaani viwili kwa mara moja. Basi utaongeza mara 7. Ukiongeza kila baada ya mistari 6, mkono utapanuka polepole bila kufanya nundu. Namba zote hizi zimetoka kwenye kifua cha mtoto na kwenye kile kipande kidogo. Simu ya mkononi, hata ile ndogo ya vitufe, ina mashine ya kuhesabu. Asiyejua kuhesabu na akae karibu na binti yake wa shule. Mtoto atafurahi kuona hesabu ya darasani inageuka nguo.

Lakini asilimia nazo zisiwe amri mpya. Mfano mkubwa ni kichwa. Mtoto mchanga ana kichwa kikubwa kuliko kifua: kichwa ni kama sentimita 35 na kifua ni kama 33. Hata mtoto wa miaka 4 kichwa chake ni karibu sentimita 50. Shingo ya asilimia 40 kwa mtoto wetu ni vitanzi 43, sawa na sentimita 24 hivi. Itapita wapi? Ndipo tunapowaona watoto wanalia wakivalishwa, masikio yamekunjwa. Pima kichwa kila mara. Acha bega moja wazi uweke vifungo viwili, au fungua sweta mbele. Na unapofunga vitanzi vya shingo, vifunge kwa ulegevu.

Sasa tuje kwenye miili yetu sisi wenyewe, maana mama hufumia wote akajisahau. Anayenyonyesha afungue sweta lake mbele kwa vifungo, asivue nguo nzima kwenye baridi. Anayelima aongeze sentimita 4 au 5 nyuma, maana ukiinama sweta hupanda na kiuno hubaki wazi. Mwenye nyonga pana aanze chini na vitanzi vya kipimo cha nyonga, apunguze polepole kuelekea kiuno. Anayebeba mtoto mgongoni asiweke mshono mnene wala vifungo nyuma, vitamuumiza mtoto ndani ya kitenge. Bibi ambaye mabega yanamuuma asipewe sweta la kuvaa kwa kupitisha kichwani.

Kwa mtoto anayekua, mikono ifumwe kuanzia begani kushuka chini. Mwaka ujao mkono ukiwa mfupi, au ukingo ukichakaa, utafumua kidogo pale chini na kuendelea na uzi mwingine. Ukianzia chini kwenda juu, huwezi kufanya hivyo kwa urahisi. Weka akiba ya uzi kidogo kwa kazi hiyo. Ukikosa rangi ile ile, fuma mistari ya rangi nyingine kwenye mikono yote miwili, na chini ya mwili pia. Watu watadhani ulipanga tangu mwanzo, na hakuna haja ya kuwaeleza.

Uzi wenyewe unaweza kutoka kwenye nguo za mtumba. Kabla ya kununua sweta la kufumua, ligeuze uangalie mishono ya ndani. Kama kingo zimefumwa zikamalizika vizuri, uzi utatoka mrefu. Kama kingo zimekatwa kwa mkasi na kushonwa kwa mashine, utapata vipande vipande tu, liache sokoni. Uzi uliofumuliwa una mikunjo: uviringe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uuoshe, uuanike ukiwa na kitu kizito chini. Ukikauka utanyooka.

Ujue pia uzi wako ni wa aina gani. Kata kipande kidogo, ukichome kwa kiberiti juu ya sahani. Ukinuka kama nywele zinazoungua na kuacha majivu yanayovunjika, ni sufu ya kondoo. Huo usiuoshe kwa maji moto, utajikunja hata sweta la baba liwe la mtoto. Ukiyeyuka na kuacha tone gumu, ni uzi wa kiwandani kama akriliki. Huo hauogopi maji, lakini unaogopa moto: ukishika, unayeyuka na kugandamana na ngozi. Watoto wetu huota moto kwenye mafiga na mbabula asubuhi za baridi. Kwa hiyo mikono isiwe mipana ya kuning'inia, na mtoto asiachwe karibu na moto peke yake.

Tumeacha mwisho jambo linalotugusa zaidi, watoto wachanga, hasa waliozaliwa kabla ya wakati. Baridi huwadhuru upesi hata katika nyumba ambayo sisi tunaiona ina joto. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe katika saa 24 za kwanza, avikwe nguo safu moja au mbili kuliko mtu mzima, na avae kofia. Kwa aliyezaliwa mdogo sana, dawa ya kwanza ya baridi ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo ilianza kutumiwa mwaka 1978 huko Bogotá, nchini Kolombia, katika hospitali ambayo haikuwa na mashine za kutosha za kuwapa watoto joto. Leo inafundishwa dunia nzima.

Wamama wengi wanapofumia materniti, wanafuma sweta lililofungwa mbele, lenye mikono mirefu, kama kwenye picha. Ni zuri, lakini kwa mtoto wa kifuani linaweka ukuta kati ya ngozi yake na ngozi ya mama. Anachohitaji ni kofia, soksi, na kifulana kisicho na mikono kilicho wazi mbele kabisa, ili mgongo ufunikwe na kifua kibaki kwa mama. Kazi yake ni ndogo kuliko ya sweta, uzi wake ni kidogo, na inafaa zaidi. Usiweke kamba ndefu shingoni, na kama kuna kifungo, kishonwe kwa uzi imara ili kisitoke na kuingia mdomoni. Hapo ndipo tunapoona kwamba kugeuza modeli si maringo ya fundi. Karatasi ilifikiria mtoto mkubwa wa kupigwa picha. Wewe unamfikiria huyu aliye mbele yako.

Tunapendekeza kila kikundi kinunue daftari moja. Kila sweta lipate ukurasa wake: kifua, kichwa, urefu wa mkono, urefu wa mwili; aina ya uzi na sindano; vitanzi vya sentimita 10; uzi ulioisha; siku zilizotumika. Mwisho wa mwaka mtakuwa na kitabu cha modeli chenye vipimo vya watoto wa Kilembwe, kwa lugha yetu, kwa nyuzi zinazopatikana soko letu. Na mkipanga bei, mtakuwa mnajua uzi uligharimu franka ngapi na kazi ilichukua jioni ngapi, badala ya kukubali bei ya mnunuzi anayekisia.

Kazi ya juma hili ni ndogo. Kila mmoja afume kipande cha kujaribia, akioshe, apime mtoto mmoja kifua na kichwa, aje navyo kwenye mkutano. Anayeona hilo linamchelewesha, na akumbuke kwamba haraka haraka haina baraka, hata kwa sisi tunaonunua uzi Baraka.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda. Mpate joto, ninyi na watoto wenu.