Kabla ya kununua mtumbwi na moteri



Katika mkutano uliopita mama mmoja alisimama akasema: “Mwalimu, feza za likelemba zimefika. Tununue moteri gani?” Wengine walipiga makofi. Mimi sikupiga, kwa sababu swali la kwanza si hilo. Swali la kwanza ni mtumbwi.

Tunajua wote kwa nini tunautaka. Makobo tunayouza hapa na Likasi yanatoka ziwa Tshangalele, upande wa Kapolowe. Tukifika kandokando ya maji bila chombo chetu, mwenye mtumbwi ndiye anapanga bei, na ndiye anachagua mama wa kumpa samaki. Tukiwa na chetu, tutafuata wavuvi wenyewe kambini. Faida ipo. Lakini hizi ni feza za karo ya watoto, na ndani ya mtumbwi tutakaa sisi wenyewe. Basi tuhesabu vizuri.

Kwanza, tujue maji. Ziwa letu lilitokea kisha ukuta wa Mwadingusha kujengwa juu ya mto Lufira. Sentrali ya umeme ilianza kazi mwaka 1930. Ni ziwa pana lakini maji yake si ya kina kirefu, na matete na majani ni mengi. Upana huo unaleta upepo na mawimbi. Ufupi wa maji unaleta majani na nyavu zinazojifunga kwenye pangaboi ya moteri. Kwa hiyo tunataka mtumbwi wenye tumbo pana, na moteri ambayo mtu mmoja anaweza kuinyanyua upesi.

Pili, tupime mtumbwi wenyewe. Ule wa kuchonga katika mti mmoja ni wa nguvu, lakini ni mwembamba na mara nyingi hauna mahali pa kufunga moteri. Wa mbao unafaa zaidi, ukiwa na ubao wa nyuma ulio bapa na mnene. Usinunue mtumbwi uliopakwa gudroni jana, kwa sababu rangi mpya inaficha ubovu. Choma ncha ya kisu ndani ya mbao. Ikiingia kama katika muhogo uliopikwa, acha. Uweke ndani ya maji usiku mzima, asubuhi uangalie maji mangapi yameingia.

Halafu pakieni mzigo wote na watu wote karibu na kando, mahali pa maji mafupi. Chukua lati ya sentimita 30 ambayo mtoto anabeba masomoni, uisimamishe kutoka juu ya maji mpaka ukingo wa mtumbwi. Lati ikizidi ukingo, mzigo umezidi: toa gunia, au toa mtu. Tarehe 3 Oktoba 2024, karibu na Goma, chombo kilizama katika ziwa Kivu wakati watu walikuwa wamekwisha kuona bandari. Kilikuwa kimejazwa kupita kipimo.

Sasa moteri. Nguvu yake inahesabiwa kwa shevo. Wauzaji watawaambia: “Chukueni 15, hata 40, mtakwenda mbio.” Si kweli kwa mtumbwi wenye mzigo. Mtumbwi wa mita 7 uliojaa unafika karibu kilometa 12 kwa saa, basi. Ukiongeza nguvu, unainua pua, unazamisha nyuma, na unakunywa esansi bure. Kwa kila tani ya uzito, mtumbwi na mzigo pamoja, shevo 4 au 5 zinatosha. Kwetu, moteri ya shevo 8 inatosha na akiba inabaki kwa siku ya upepo.

Tufanye hesabu kama darasani. Moteri ya shevo 15 ya aina ya zamani, ikikimbizwa kabisa, inamaliza karibu litri 6 na nusu kwa saa. Ya shevo 8, karibu litri 3 na nusu. Tukienda saa moja na kurudi saa moja, mara mbili kwa juma, ya kwanza inakunywa litri 26, ya pili litri 14. Tofauti ni litri 12 kila juma. Zidisheni kwa bei ya esansi ya leo, mtaona samaki wetu wanakwenda wapi.

Kuna aina mbili. Moja inachanganya mafuta ndani ya esansi. Ni nyepesi, na fundi wengi wanaijua. Kipimo cha kawaida ni litri 1 ya mafuta kwa litri 50 za esansi. Kwa bido ya litri 20, mililitri 400. Moteri mpya inataka zaidi siku za kwanza, fuateni kitabu chake. Ukisahau mafuta, moteri inakufa siku hiyohiyo. Aina ya pili ina mafuta yake pembeni, kama gari. Ni nzito na bei yake iko juu, lakini esansi inakunywa kidogo.

Pimeni pia urefu wa mguu wa moteri. Mfupi unafaa ubao wa nyuma wa sentimita 38, mrefu ule wa 51. Mguu mfupi mno unapiga hewa. Mrefu mno unachimba matope. Na kabla ya kulipa, ulizeni vipuri vinapatikana Likasi ao Lubumbashi. Moteri ya bei ndogo isiyo na vipuri ni chuma tu.

Mwisho, feza zisiishe zote kwa moteri. Wekeni sehemu kwa jile za kuokolea, moja kwa kila mtu, pagai mbili, na ndoo ya kutolea maji. Kamba ya kuzimisha moteri ifungwe mkononi mwa anayeendesha, kila safari. Na risiti iandikwe jina la kikundi, si la mume wa mtu.

Ikiwa feza hazitoshi kwa hayo yote, tuanze na mtumbwi mzuri na pagai. Moteri itakuja. Mkutano ujao, kila mama alete hesabu yake kwa karatasi.